Kikundi cha kusaidiana kuacha pombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa zaidi na watu walioambiwa "tafuta kikundi" wakabaki hawajui waanzie wapi, pamoja na yale ya ndugu zao. Ruka hadi swali linalokuhusu. Ila kama unakunywa kila siku, anza na lile la kuacha ghafla, kwa sababu linahusu uhai wako.

## Mambo ya msingi

Kikundi cha kusaidiana ni nini hasa?

Ni watu wenye tatizo la pombe wanaokutana kwa ratiba inayojulikana, mara nyingi kila wiki, kuelezana wanavyoishi bila kunywa. Hakuna daktari anayekupima wala mwalimu anayekupa alama. Anayeongoza mkutano kwa kawaida naye ameshapitia humohumo, na zamu yake ikiisha anaongoza mwingine.

Mtandao mkubwa kuliko yote ni Alcoholics Anonymous, unaojulikana zaidi kama AA. Ulianza mwaka 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa na miezi mitano hivi bila pombe. Safari yake ya biashara ilikuwa imeharibika, yuko peke yake hotelini, na baa ya hoteli iko palepale. Akaenda kwenye simu akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji ule, akiuliza kama kuna mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Mwishowe akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa ameshindwa kuacha kwa miaka mingi. Mazungumzo ya hao wawili ndiyo yaliyozaa AA. Viti, vitabu na taratibu zilizokuja baadaye zote zipo ili mtu anayetaka kuacha apate mwenzake wa kumpigia simu kabla hajanyanyua glasi.

Nitajuaje kama tatizo langu limefikia hatua ya kwenda?

Hakuna kiwango cha kuharibikiwa unachotakiwa kufikia kwanza. AA wana sharti moja tu la uanachama: uwe na nia ya kuacha kunywa. Huhitaji kuwa umefukuzwa kazi au umeachwa na mke.

Ukitaka kipimo, Shirika la Afya Duniani lina dodoso linaloitwa AUDIT, lenye maswali 10 na alama za juu kabisa 40. Kuanzia alama 8, unywaji unahesabiwa kuwa wa hatari au wenye madhara. Mhudumu wa afya anaweza kukupitisha humo kwa dakika chache. Nje ya dodoso, jiulize haya: Unazimua asubuhi ili mikono itulie? Unaficha chupa? Umejiwekea ahadi ya "leo mbili tu" ukaivunja mara nyingi? Kuna usiku ambao hukumbuki ulifikaje nyumbani? Ukijikuta unatafuta jibu la kujitetea, hilo peke yake ni sababu ya kwenda kusikiliza mara moja.

Ninakunywa kila siku. Ni salama kuacha ghafla?

Kwa baadhi ya watu, hapana. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku hupata misukosuko pombe inapokatwa. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho huanza kutetemeka, kutokwa jasho, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Wengi huishia hapo, hali ikatulia baada ya siku chache. Lakini wengine hupata degedege, mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo, na wachache hufikia hali mbaya zaidi kati ya siku ya pili na ya nne: kuchanganyikiwa, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, homa, moyo kwenda mbio. Hali hiyo inaweza kuua isipotibiwa.

Kwa hiyo, kama unakunywa sana kila siku, na hasa kama umewahi kupata degedege au kuweweseka ulipoacha zamani, mwone daktari kabla ya kuacha. Zipo dawa za kutuliza mwili katika siku hizo, na mara nyingi hutolewa pamoja na vitamini B1, ambayo upungufu wake kwa mnywaji unaweza kuharibu ubongo. Ukiwa bado hujampata daktari, usikate kwa mkupuo. Na ukiona degedege, homa au kuchanganyikiwa, ni hospitali sasa hivi, na mgonjwa asiende peke yake.

Nalisisitiza hili kwa sababu vikundi vina moyo mkubwa lakini havina dawa wala vitanda. Mwanachama mwema anaweza kukuambia "jikaze, itapita". Kwake ilipita. Kwako huenda isipite.

Je, niache kwanza ndipo niende?

Hapana. Kwenda hakungoji kuacha. Wengi walihudhuria wiki kadhaa huku bado wanakunywa, na hapo ndipo walipoelekezwa kwa daktari. Kuhusu kwenda ukiwa umelewa siku hiyohiyo, tazama sehemu ya siku ya kwanza.

Inagharimu kiasi gani?

Vikundi vingi ni bure. AA hawana ada wala kiingilio. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya pango na chai, na mgeni hatarajiwi kutoa chochote. Ukiombwa fedha nyingi ili "kusajiliwa", hapo si kikundi cha kusaidiana. Huenda ni kituo cha tiba, jambo ambalo si baya, ila ujue unalipia nini.

Vinasaidia kweli, au ni maneno tu?

Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba tiba zenye utaratibu wa kumwingiza mtu kwenye AA na kumsaidia adumu zilifanya kazi vizuri kuliko tiba nyingine zinazotambulika, kama ushauri wa kubadili fikra na tabia, kwenye kipimo cha kuacha pombe kabisa kwa muda mrefu. Kwenye vipimo vingine, kama kupunguza kiasi cha kunywa, zililingana.

Tafiti hizo zinazungumzia watu waliosaidiwa kuingia na kubaki. Aliyeenda mara moja, akakaa nyuma na kuondoka kabla ya sala ya mwisho, bado hajakijaribu kikundi.

## Kutafuta kikundi

Kuna aina gani za vikundi?

AA hufuata hatua kumi na mbili, ambazo ni mwongozo wake wa kuacha pombe, na lugha yake ina mambo ya kiroho. SMART Recovery, kilichoanza 1994, hutumia mbinu za kisaikolojia za kutambua vichocheo vya kunywa na kubadili mawazo, na mikutano yake huongozwa na watu waliopewa mafunzo. Women for Sobriety kilianzishwa 1975 kwa ajili ya wanawake. LifeRing hakigusi dini kabisa. Upande wa pili, Celebrate Recovery, kilichoanza 1991, ni cha Kikristo waziwazi, na Msalaba wa Bluu, uliozaliwa Uswisi 1877, nao una mizizi ya Kikristo. Kuna pia vikundi visivyo na jina kubwa vinavyoendeshwa na zahanati, vituo vya kurekebisha waraibu au nyumba za ibada.

Usipoteze mwezi mzima ukichagua kilicho bora. Anza na kilicho karibu na chenye mkutano wiki hii, kisha ulinganishe ukiwa ndani.

Nitakipata wapi?

Njia fupi ni kuuliza kliniki ya afya ya akili au kitengo cha uraibu hospitalini, hata kama hutibiwi hapo. Wanajua vikundi vilivyo hai na vilivyokufa. Mitandao mikubwa ina orodha za mikutano kwenye tovuti zao, na AA wapo katika nchi zipatazo 180. Viongozi wa dini nao mara nyingi wanajua ukumbi gani unakodishwa na nani jioni gani.

Kabla ya kutoka nyumbani, piga simu au tuma ujumbe kuhakikisha. Mikutano huhama ukumbi na orodha huchelewa kurekebishwa, na mtu aliyejipa moyo kwa wiki tatu akakuta mlango umefungwa anaweza asirudi tena. Maneno yanatosha hivi: "Habari. Nataka kuja kwenye mkutano wa Jumatano, ni mara yangu ya kwanza. Bado upo, na ni saa ngapi?" Huna haja ya kueleza zaidi. Mara nyingi aliyepokea atajitolea kukusubiri mlangoni. Kubali.

Mkutano wa wazi na uliofungwa vinatofautianaje?

Wa wazi humpokea yeyote: ndugu, mwanafunzi, mchumba. Uliofungwa ni wa wenye tatizo la pombe au wanaodhani wanalo. Ukiwa na shaka kuhusu hali yako, bado unaruhusiwa kuingia kwenye uliofungwa.

Mimi si mtu wa dini. Au: dini yangu si ya wengi wao. Nitakaa vipi?

Ukienda AA utasikia neno Mungu, na mikutano mingi hufungwa kwa sala. Maandishi yao yanasema Mungu "kwa jinsi tulivyomwelewa", na kwa maneno hayo Mwislamu, Mkristo, Mhindu na asiyeamini wamekaa chumba kimoja miaka yote hiyo. Wakati wa sala unaweza kunyamaza na hakuna atakayekuuliza. Hata hivyo, vikundi hutofautiana sana. Kama mkutano umegeuka mahubiri na unatoka umebanwa kifua, jaribu mwingine wa AA kabla ya kukata tamaa, kisha vile visivyogusa dini vilivyotajwa juu.

Mikutano ya mtandaoni inahesabika?

Inahesabika, na kwa mtu wa mbali, mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga au anayeamka saa tisa usiku na kiu, inaweza kuwa ndiyo pekee. Unaweza kuzima kamera na kuandika jina moja tu. Upungufu wake ni kwamba ni rahisi mno kujificha. Ukitegemea mtandao, jilazimishe kubaki baada ya mkutano kufungwa, pale watu wanapobaki kupiga soga, na uombe namba ya mtu mmoja. Vaa pia visikilizi: unayoyasikia ni siri za wengine, na nyumba ina masikio.

## Siku ya kwanza

Itakuwaje nikifika?

Fika dakika kumi mapema. Utakuta viti vimepangwa duara au mistari, mtu anapanga vikombe, na mmoja karibu na mlango anayesalimia. Ukimwambia ni mara yako ya kwanza, atakuonyesha pa kukaa. Mkutano huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Huanza kwa kusoma maneno yaleyale kila wiki kuhusu kikundi na kutunza siri. Kisha watu husimulia kwa zamu, kila mmoja dakika chache, na akimaliza wengine husema "asante" basi. Kwenye AA hakuna kujibizana wala kumpa mtu ushauri hadharani. Kwenye SMART Recovery mjadala unaruhusiwa, na kiongozi huuongoza.

Hiyo "asante" tupu huwashangaza wageni. Mtu amesema jambo zito, anafuta uso kwa leso, na hakuna anayemjibu. Ni kwa makusudi: aliyezoea kusemwa na kila mtu nyumbani anapewa nafasi ya kusema bila kuhukumiwa. Maneno ya kumfariji husemwa baadaye, viti vinapokunjwa.

Hapo viti vinapokunjwa usikimbie. Baki robo saa, saidia kubeba viti kama hujui ufanye nini na mikono yako, na uondoke na namba ya simu ya walau mtu mmoja.

Lazima niseme? Lazima nijiite mlevi?

Hapana kwa yote mawili. Zamu ikikufikia sema, "Naitwa fulani, leo naomba nisikilize tu." Jina moja linatosha, na si lazima liwe la kwenye kitambulisho. Wengi wa AA hujitambulisha kwa kusema wao ni walevi kwa sababu kwao kulisema kunawakumbusha kwa nini wapo. Vikundi vingine huliepuka neno hilo makusudi.

Nikimkuta mtu anayenifahamu?

Naye atakuwa amekukuta wewe, na amekuja kwa sababu ileile. Msalimie kama kawaida. Desturi ni kwamba aliyekuona ndani hakutaji nje, hata kwa mwenzi wake.

Lakini elewa mpaka wa siri hiyo. Ni ahadi ya heshima, na katika sehemu nyingi haina kinga ya kisheria kama ya daktari au wakili. Simulia unavyojisikia na unavyokunywa. Mambo yenye kesi ndani yake mpelekee wakili.

Je, nikienda nikiwa nimekunywa?

Vikundi vingi vitakupokea ukikaa kimya na kusikiliza, ingawa huenda usipewe nafasi ya kusimulia. Usiendeshe gari. Ukiwa katika hali ya kufanya fujo, subiri mkutano ujao.

## Kuendelea

Niende mara ngapi?

Mwanzoni, mara nyingi kadiri unavyoweza. AA wana mazoea ya kumshauri mgeni ahudhurie mikutano 90 ndani ya siku 90. Ni desturi, haimo kwenye kanuni, na mwenye kazi na watoto asijione ameshindwa akipata miwili kwa wiki. Muhimu ni kuweka mikutano kwenye saa zako mbaya. Kama ulikuwa unakunywa Ijumaa jioni, mkutano wa Jumanne asubuhi haukulindi Ijumaa. Kabla ya kusema "hapa hapanifai", hudhuria kama mara sita, na si kwenye chumba kimoja pekee.

Mlezi ni nani, na nimpateje?

Kwenye AA, mlezi, ambaye wengi humwita sponsa, ni mwanachama aliyekaa muda bila pombe anayekuongoza katika hatua kumi na mbili na kupokea simu zako. Halipwi. Tafuta mtu ambaye ukimsikiliza unatamani utulivu wake, hata kama si mzungumzaji hodari. Mwombe waziwazi: "Ungekubali kunilea kwa muda, tuone?" Akisema hana nafasi, usijisikie umekataliwa; huenda ana watatu tayari. Ushauri wa kawaida ni kuchagua mtu ambaye hakuna uwezekano wa mapenzi kati yenu.

Mpigie siku ambazo huna shida. Simu ya saa ya hatari ni ngumu sana kuipiga kwa mtu ambaye hujawahi kumpigia kumwambia habari za kawaida.

Nimeanguka, nimekunywa tena. Nirudi vipi?

Rudi kwenye mkutano unaofuata, hata kesho. Bob Smith mwenyewe, baada ya kukutana na Wilson, alikaa wiki chache tu bila pombe, kisha akaenda kwenye kongamano la madaktari huko Atlantic City na akalewa vibaya. Alirudi, akaendelea, na tarehe 10 Juni 1935, inayokumbukwa kama siku ya kunywa kwake mara ya mwisho, ndiyo AA wanayohesabia kuzaliwa kwao. Alikufa 1950 akiwa hajagusa tena.

Kikundi kinachokuzomea kwa kuanguka kimepotoka, hama. Ila siku ukirudi, jitahidi kusema kilichotokea saa chache kabla ya glasi ya kwanza: njaa, hasira, upweke, uchovu, mshahara mkononi. Kumbuka pia kwamba ukirudia kunywa sana kwa siku nyingi, hatari ya kuacha ghafla imerudi palepale.

Natumia dawa za daktari. Kuna mwanachama ameniambia nimedanganywa, niziache.

Usiziache. Naltreksoni, akamprosati na disulfiramu ni dawa zinazokubalika za kusaidia kuacha pombe, na dawa za sonona au kifafa zina kazi zake. AA yenyewe imeandika wazi kwamba hakuna mwanachama anayepaswa kujifanya daktari. Mabadiliko yoyote yafanye na aliyekuandikia. Anayetumia disulfiramu ajue kwamba dawa hiyo ikikutana na pombe, hata kidogo, humwangusha mtu vibaya, na kazi yake ni hiyo.

## Hali zisizo za kawaida

Mtu kikundini ananitongoza, au anaomba mkopo.

Mgeni ndiye anayelengwa, kwa sababu amechoka na ana shukrani. Kata mapema, bila kueleza sana: "Nimekuja kwa ajili ya pombe tu." Akiendelea, mwambie kiongozi wa mkutano au mwanachama wa siku nyingi wa jinsia yako. Wasipochukua hatua, hama kikundi. Pesa usikope wala kukopesha. Urafiki mwingi ulioweza kuokoa mtu umefia kwenye deni dogo.

Mahakama au mwajiri anataka ushahidi kwamba nahudhuria.

Baadhi ya vikundi husaini karatasi, vingine hukataa kwa kulinda siri. Uliza kabla ya mkutano kuanza, na mpelekee mwajiri au afisa jibu ulilopata mapema, si siku ya mwisho.

Mnywaji ni mume wangu, na hataki kusikia. Nimpeleke kwa nguvu?

Kumburuta hakusaidii, na kumwombea kiti asichokitaka kutakuchosha. Lakini wewe una pa kwenda. Al-Anon ni mikutano ya ndugu wa wanywaji, iliyoanzishwa 1951 na Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na mwenzake, na tangu 1957 kuna Alateen kwa vijana. Huko hawafundishi namna ya kumbadili mtu. Wanakusaidia kuacha kumfichia, kumlipia madeni na kupiga simu kazini kusema anaumwa. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kama kuna kipigo nyumbani, usalama wako na wa watoto unatangulia kikundi chochote.

Nataka kupunguza tu, si kuacha kabisa.

AA imejengwa juu ya kuacha kabisa. SMART Recovery nayo inalenga kuacha, ila humpokea ambaye bado anajitafakari. Nenda useme ukweli kuhusu lengo lako. Kama umeshajaribu kupunguza mara nyingi na kila mara ukarudi ulipokuwa, lisemee hilo pia kwenye mkutano, kwa sababu wengi mle ndani walianza na mpango huohuo.

Hakuna kikundi chochote ninakoishi. Naweza kuanzisha?

Unaweza. Kwa kanuni za AA, watu wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi hawajafungamana na taasisi nyingine. Ila usianzishe ukiwa na wiki mbili bila pombe na huna mtu nyuma yako. Shikamana kwanza na mikutano ya mtandaoni na upate mlezi. Kisha tafuta chumba ambacho watu wanaweza kuingia bila kutazamwa na barabara nzima, chagua siku na saa, na usiibadilishe hata mkiwa wawili tu kwa miezi. Wajulishe kliniki na viongozi wa dini wa eneo lako, na uandikishe mkutano kwenye orodha ya mtandao mliouchagua, kwa namba ya simu ambayo kweli kuna mtu wa kuipokea.